Mifereji ya Kilimanjaro na Fedha za Kuitunza

Kila aliyepata kuutoka mji wa Moshi na kupanda kuelekea Uru, Kibosho, Kilema au Marangu amekwisha kuvuka mfereji, pengine bila kutambua kwamba ni mfereji. Huona kijito chembamba kikipita chini ya migomba, upana wake hatua moja, maji yakienda taratibu kwa kuufuata mteremko, naye akadhani ni kazi ya Mungu. Lakini akikifuata kijito kile kwenda juu, mwendo wa saa moja au zaidi, atafika penye korongo la mto, na hapo ataona mawe yaliyopangwa, matawi, vigogo vya migomba na udongo, vyote vimeshindiliwa ili kutenga sehemu ya maji ya mto na kuyapeleka upande mwingine. Hapo ndipo atakapofahamu kwamba kijito kile kilichimbwa kwa mikono ya watu. Wachagga wenyewe hukiita mfongo, na mifongo ya namna hiyo ilikuwapo mlimani kabla ya kufika mgeni yeyote mwenye kalamu.

Katika makala hii nimekusudia kueleza historia ya utunzaji wa mlima huu kwa upande wa gharama, ambao wasomaji wa historia huupita haraka. Nani aliyelipa ili mfereji usizibe na msitu usiishe? Alilipa kwa kitu gani, naye alipata haki gani kwa malipo yake? Swali hili limepata uzito mpya katika zama zetu, kwa kuwa mashirika ya ulimwengu yametenga mafungu ya fedha kwa ajili ya jamii zinazotunza ardhi na maji kwa maarifa ya jadi. Fedha hizo huitwa ruzuku. Kilimanjaro imekwisha kuzipokea, na kwa hiyo yatupasa tuulize zimekutana na nini zilipofika.

Tuanze na hali ya kale. Mchagga hakukaa katika kijiji cha nyumba zilizobanana, bali kila nyumba ilisimama katika kihamba chake. Kihamba ni shamba la kudumu linalorithiwa, tena ni makazi ya walio hai na makaburi ya waliotangulia. Juu kabisa husimama miti mirefu kama mringaringa na msesewe. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni, tangu kahawa ilipoingia. Na chini ya mibuni magimbi, maharagwe na majani ya mifugo. Ng'ombe hufungwa zizini, nao huletewa majani, ambayo wanawake huyabeba kichwani hata kutoka tambarare. Na samadi yao hurudi kwenye migomba. Wataalamu wa mimea wa siku hizi wamehesabu katika vihamba vya Kilimanjaro aina zaidi ya 500 za mimea, na zilizo nyingi kati ya hizo hazikupandwa na mtu, ila ziliachwa ziote kwa sababu mwenye shamba alijua kazi yake au hakuona sababu ya kuzing'oa. Hayo ni maarifa, ingawa hayakupata kuandikwa katika daftari.

Kihamba kilitegemea mfereji. Mvua za mlimani ni nyingi upande wa kusini, lakini kuna miezi ya ukavu, na ulezi wa kutengenezea mbege ulimwagiliwa wakati wa ukavu. Aliyechimba mfereji alipaswa kuujua mteremko kwa jicho tu, kwa maana maji yakishuka mno hukata udongo, na yakishuka kidogo mno husimama na kuacha matope. Palipo na bonde dogo alivusha maji kwa magogo yaliyochimbwa katikati. Maji ya usiku hayakupotea, bali yaliongozwa kwenye bwawa dogo liitwalo nduwa, na asubuhi bwawa lilifunguliwa ili maji ya usiku mzima yatoke kwa nguvu yafike kwenye mashamba ya mbali. Na lile banio la mawe na matawi pale mtoni, ambalo mgeni aliliona kuwa kazi duni kwa sababu linavuja, lilikuwa na hekima ndani yake. Maji yaliyovuja ndiyo haki ya wale wa chini, wenye mifereji yao mahali pengine kwenye mto ule ule.

Basi ni nani aliyelipa? Walilipa wote waliokunywa. Mfereji ulikuwa chini ya ukoo wa yule aliyeuanzisha, na mzee wa ukoo huo ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Yeye aligawa zamu, alisikiliza mashauri ya wagombanao, na kabla ya msimu aliwaita watu wote kwenye kazi ya kuzibua. Mtu asiyefika alitozwa mbege au mnyama, na akishupaa alifungiwa maji. Watu wa koo nyingine waliweza kupewa zamu kwa kutoa kazi na heshima. Penye banio palitolewa sadaka, na miti iliyozunguka chemchemi haikuguswa. Mangi, yaani mtawala wa nchi, alikuwa na nguvu nyingi katika mambo ya vita na kodi, lakini katika mambo ya mfereji neno la mzee wa mfereji lilikuwa na uzito wake peke yake. Kwa hiyo gharama ya kutunza maji haikutoka katika hazina yoyote. Ililipwa kwa siku za kazi, kwa pombe na kwa utii, na malipo hayo hayo ndiyo yaliyokuwa hati ya haki ya mtu. Aliyezibua mfereji mwaka huu hakuhitaji kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba maji ni yake.

Haifai, hata hivyo, tuipambe zamani kupita kiasi. Mikutano ya mfereji ilikuwa ya wanaume. Wanawake, ambao ndio waliochota maji alfajiri na kuyabeba, hawakuwa na kauli ndani yake. Ukoo usiokuwa na mfereji uliishi kwa kuomba. Na vita baina ya wamangi viliharibu mifereji, maana adui hujua upesi kwamba kukata maji ni kukata roho. Utaratibu ule ulikuwa wa wanadamu, nao ulikuwa na upungufu wa wanadamu. Lakini ulikuwa hai, na ulijilipia wenyewe.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliyaona mambo haya wakashangaa. Johannes Rebmann alifika Uchagga mwaka 1848 na kuandika habari za theluji, akachekwa na mabwana wa jiografia waliokaa London. Charles New alifika Moshi mwaka 1871, na Harry Johnston mwaka 1884, katika siku za Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Wote wawili walieleza jinsi maji yalivyoongozwa katika mashamba, nao wakasifu. Baadaye Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Uchagga mwaka 1902, alikaa miaka mingi akiandika sheria na desturi za Wachagga, na kitabu chake kikubwa juu ya sheria yao kilitoka mwaka 1926. Lakini sifa na vitabu havikuwazuia watawala wasiitwae mito.

Wadachi walipokwisha kuushinda mlima, na baada ya Mangi Meli wa Moshi kunyongwa mwaka 1900, walowezi walipewa mashamba chini ya vihamba, na maji ya mito yakaanza kuhitajiwa na watu wasiokuwa na zamu katika mfereji wowote. Msitu wa juu ulitengwa, kwanza kama hifadhi ya wanyama na baadaye, mwaka 1921, Waingereza walipokuwa wameshika nchi, kama hifadhi ya misitu. Reli ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911. Mashamba ya walowezi tambarare yaliongezeka, na katika miaka ya 1930 likafunguliwa shamba kubwa la miwa huko Arusha Chini. Wakati huo huo Wachagga wenyewe walikuwa wamekamata kilimo cha kahawa kwa bidii. Mwaka 1925 waliunda chama cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika kijulikanacho kwa herufi KNCU. Kahawa iliwapatia fedha, shule na mabati. Lakini kahawa nayo ina kiu, kwa maana buni huoshwa kwa maji mengi kabla ya kukaushwa.

Hapo ndipo serikali ilipoanza kuitazama mifereji kwa jicho la ukali. Tangu mwaka 1923 ilikuwapo sheria ya maji iliyotaka matumizi ya mito yawe chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1935 wataalamu wawili, Edmund Teale na Clement Gillman, walitoa taarifa juu ya maji ya Jimbo la Kaskazini na namna ya kuyasimamia. Maafisa wengi wa zama zile waliamini kwamba mfereji wa Mchagga hupoteza maji, kwa kuwa huvuja njia nzima, na kwamba huleta mmomonyoko wa udongo. Hawakuwa wamekosea katika kila neno, kwa maana ni kweli mfereji wa udongo huvuja. Lakini maji yanayovuja kandokando ya mfereji hunywesha migomba na miti iliyo pembeni yake, na hapo swali huwa, yamepotea kwa nani? Kwa mtu wa tambarare anayengoja maji chini, yamepotea. Kwa mwenye kihamba, yamefika. Kila kipimo cha upotevu hutanguliwa na uamuzi juu ya nani mwenye haki, na uamuzi huo ulifanywa bila kuwauliza wenye mifereji.

Katika zama zile zile, hata hivyo, serikali ya kikoloni ilifanya jambo moja linalostahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa historia ya mazingira. Msitu ulipokwisha kufungwa, watu waliongezeka, nao walikosa kuni, majani na nguzo. Basi mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili, unaopakana na vihamba, ukawa chini ya mamlaka ya wenyeji, yaani Baraza la Wachagga. Baraza lilipanda miti iotayo upesi, likaajiri walinzi, likaweka kanuni za kukata na kupanda, na likauza mbao. Mapato yaliingia katika mfuko wa Baraza lenyewe. Wananchi walipata kuni na majani, na kwa sababu waliiona faida, walikubali kanuni. Waliochunguza historia ya ukanda huo wanakubaliana kwamba katika miaka ile ishirini ya kwanza ulitunzwa vizuri.

Nimelitaja jambo hili si kwa kuutetea ukoloni. Ukanda ule ulikuwa fidia ndogo kwa msitu mkubwa uliokwisha kutwaliwa. Nimelitaja kwa sababu ya mpango wake wa fedha. Hapa hazikutolewa fedha za mara moja. Ulitolewa msitu, na pamoja na msitu mamlaka, na pamoja na mamlaka mapato ya kila mwaka. Mlinzi alilipwa na mti alioulinda. Kwa namna hiyo mpango wa ukanda ulikaribia desturi ya mfereji kuliko ulivyokaribia desturi ya ofisi za serikali, nami nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kufanikiwa kwake.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na utawala wa wamangi ukafutwa. Ukanda wa nusu maili ulipita katika mikono ya halmashauri mpya ya wilaya, kisha mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, ukaingia katika mikono ya serikali kuu. Ulirudishwa kwenye halmashauri baada ya serikali za mitaa kurudishwa katika miaka ya 1980, lakini katika kuhamishwa huko mambo mengi yalikuwa yamelegea. Miti ilikatwa bila kupandwa mingine, na baadhi ya mahali palilimwa. Asiyejua kesho msitu utakuwa wa nani haoni haja ya kupanda mti leo. Wakati huo huo, mwaka 1973, sehemu ya juu ya mlima ilifanywa Hifadhi ya Taifa, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi uliteremshwa hata ukaumeza msitu wote uliobaki, pamoja na ukanda wa nusu maili. Ile ardhi iliyotolewa mwaka 1941 ili iwe kifuta machozi ikatwaliwa tena, na mwanamke aendaye kuokota kuni mahali alipookota bibi yake akawa mtu anayehitaji ruhusa.

Tusiwaonee waliofanya uamuzi huo. Walikuwa na sababu. Mwaka 2001 ndege ndogo ilirushwa juu ya msitu ili kuhesabu madhara, na taarifa iliyotolewa mwaka 2002 ilionyesha kwamba miti ya asili ilikuwa ikikatwa kwa maelfu, tena penye msitu mzito ndani. Na msitu ndio mama wa maji. Watu wengi hudhani kwamba mito ya Kilimanjaro hutoka katika theluji ya Kibo, na ni kweli kwamba theluji hiyo imepungua sana: kati ya mwaka 1912 na mwaka 2000 zaidi ya sehemu tatu kwa nne za barafu yake zilitoweka. Lakini wachunguzi wameonyesha kwamba sehemu kubwa sana ya maji ya mlima hutokana na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, na kwamba moto unaoteketeza msitu wa juu huleta hasara ya maji kubwa kuliko kuyeyuka kwa barafu. Wazee waliokataza kukata mti penye chemchemi hawakuwa na vyombo vya kupimia ukungu, lakini walikuwa wamefika kwenye neno hilo hilo.

Kwa upande wa mifereji, sheria ya maji ya mwaka 1974 ilitamka kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri, na kwamba atakaye kuyatumia yampasa aombe haki. Mwaka 1991 ilifunguliwa mjini Moshi ofisi ya bonde la mto Pangani, na ada za maji zikaanza kudaiwa. Basi mzee ambaye babu wa babu yake alichimba mfereji akaambiwa kwamba maji yapitayo ndani yake yanahitaji kibali na malipo. Sheria mpya ya mwaka 2009 ilirekebisha jambo hili kwa kiasi, kwa kutamka kwamba haki za maji za kimila zinatambuliwa sawasawa na haki zilizotolewa kwa kibali. Lakini yenyewe pia ilitaka watumiaji wajiunge katika vyama vilivyoandikishwa. Neno la sheria ni zuri. Ila kati ya neno la sheria na banio la mto kuna njia ndefu ya fomu, mihuri na nauli.

Hapo ndipo zinapoingia fedha za wafadhili. Mfano wa kwanza unatoka tambarare. Katika miaka ya 1980 ulijengwa mradi mkubwa wa umwagiliaji chini ya mji wa Moshi, kwa mkopo kutoka Japani, nao ulimalizika mwaka 1987. Ulikusudiwa kumwagilia hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 ziwe za mpunga. Mifereji yake ilijengwa kwa saruji, milango yake ilikuwa ya chuma, na mavuno ya mpunga mwanzoni yalikuwa mengi ajabu. Ndipo wakulima wa juu ya mradi, walipoona faida ya mpunga, nao wakageuza maji ya mto Rau kwenye mashamba yao, na maji yaliyofika katika mradi yakapungua hata sehemu kubwa ya mashamba yaliyotengenezwa ikakosa maji ya kutosha. Wahandisi walikuwa wameupima mto kwa uangalifu, lakini hawakuyapima mapatano ya watu wanaouzunguka. Katika desturi ya mlima hakuna mfereji unaochimbwa bila kuzungumza na wale wa juu na wale wa chini. Mradi ule ulikuwa na fedha nyingi, ila ulikosa mazungumzo hayo.

Mfano wa pili ni wa fedha kidogo. Mwanzoni mwa karne hii mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaoendeshwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianzisha kazi maalumu katika sehemu chache za urithi wa dunia, na Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Jina la mpango huo ni COMPACT. Kanuni yake ilikuwa kwamba fedha zisipite serikalini bali ziende moja kwa moja kwa vikundi vya wananchi vinavyoishi kandokando ya hifadhi, na ruzuku moja isizidi dola 50,000. Vikundi vilipata fedha kwa ajili ya miche ya miti, mizinga ya nyuki, majiko yasiyokula kuni nyingi, na kutengeneza mifereji. Jambo jema la mpango huu lilikuwa kuwakalisha pamoja watu ambao kwa desturi hawaketi meza moja: walinzi wa hifadhi, maafisa wa wilaya na wanakijiji.

Mfano wa tatu uko Shimbwe Juu, katika Uru. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua sehemu hiyo mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye maana kwa dunia nzima, kwa sababu ya vihamba vyake. Fedha za kazi hiyo zilitoka katika Serikali ya Ujerumani, nami naomba msomaji atue kidogo hapa na kukumbuka habari za mwaka 1900. Wananchi waliulizwa kwanza kama wanaukubali mpango, na baada ya kukubali walisaidiwa kutengeneza mifereji na nduwa ili visipoteze maji, kulima kahawa isiyotiwa dawa za viwandani, kupanda vanila kivulini, na kufuga samaki kwa maji ya mfereji. Kusudi lilikuwa kwamba kihamba kimpatie mwenyewe kipato cha kutosha, asije akakata miti yake na kupanda mahindi. Wazo hilo ni sahihi. Bei ya kahawa ilipoanguka katika miaka ya mwisho wa karne iliyopita, wengi waling'oa mibuni, na mbuni ukiondoka hata kivuli cha mringaringa huonekana kuwa hasara.

Sasa tujiulize, mifano hii yatufundisha nini? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni wakati. Ruzuku huja kwa miaka miwili au mitatu, kisha taarifa huandikwa na kitabu hufungwa. Mfereji huziba kila mwaka. Banio huchukuliwa na mafuriko ya kila masika, na hakuna mwaka ambao mlima umepata kusema kwamba kazi imekwisha. Basi fedha za miaka mitatu zinafaa kwa jambo linalofanywa mara moja, kama kujenga nduwa kwa saruji au kununua mizinga. Hazifai kulipia kazi ambayo zamani ililipiwa na wajibu. Mtu akilipwa posho leo kwa kuzibua mfereji wake mwenyewe, mwaka ujao ataketi nyumbani akingoja posho; na posho isipokuja, mfereji utakauka, ingawa maji yapo mtoni.

La pili ni sauti. Mfadhili hutaka katiba ya kikundi, jina la katibu, hesabu ya benki, na taarifa kila baada ya miezi kadhaa. Hatuwezi kumlaumu kwa hilo, maana fedha za watu zapaswa kuhesabiwa. Lakini mzee wa mfereji hana katiba iliyoandikwa. Anayejua kuandika maombi ni kijana aliyesoma, pengine akaaye mjini, na mara nyingi huundwa kamati mpya kando ya baraza la zamani. Kamati hiyo ina fedha bila heshima, na baraza lina heshima bila fedha. Wakigombana, mfereji ndio unaoumia. Hata hivyo kamati mpya huleta na jambo jema, kwa kuwa kanuni za ruzuku hutaka wanawake waketi ndani yake, na kwa mara ya kwanza wale wachotao maji wamepata kauli juu ya maji. Ningependa baraza la zamani lijifunze jambo hilo kutoka kwa kamati, na kamati nayo ijifunze mengine mengi kutoka kwa baraza.

La tatu, nalo ni zito kuliko yote, ni haki. Ulimwenguni siku hizi hutolewa fedha kwa ajili ya watu wa asili na maarifa yao. Tanzania iliunga mkono tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 juu ya haki za watu hao, ingawa husemwa rasmi kwamba Waafrika wote wa nchi hii ni wenyeji wa asili. Sitaki kuingia katika mabishano ya jina. Nasema tu kwamba maarifa ya jadi hayakai kichwani peke yake kama wimbo. Hukaa katika matumizi. Mtu aliyekatazwa kuingia msituni kwa miaka 20 hawezi kumfundisha mwanawe majina ya miti ya msitu. Kumpa fedha ili atunze maarifa yake, huku mahali pa kuyatumia pamefungwa, ni sawa na kumnunulia mtu jembe baada ya kumnyang'anya shamba. Hifadhi hupata mapato makubwa kutoka kwa wapandaji wa mlima, na imekuwa ikisaidia vijiji jirani, mara nyingi kwa madarasa na zahanati. Misaada hiyo ni ya heri. Lakini ni misaada, na aitoaye aweza kuacha. Mapato ya ukanda wa nusu maili hayakuwa msaada, bali yalikuwa haki.

Yawezekana kunijibu kwamba zamani watu walikuwa wachache. Ni kweli. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu wapatao 650,000 mwaka 1967, na mwaka 2022 walizidi 1,800,000. Vihamba vimegawanywa na kugawanywa hata vingine havitoshi kaburi na nyumba pamoja. Vijana wako Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, nao hurudi Krismasi. Na mfereji hauzibuliwi wakati wa Krismasi. Maji ya bomba yamefika nyumba nyingi, na aliye na bomba husahau mfereji mpaka siku bomba linapokauka. Kwa sababu hizo utaratibu wa kale hauwezi kurudishwa kama ulivyokuwa, wala simshauri mtu ajaribu. Lakini sheria ya mwaka 2009 imekwisha kufungua mlango kwa kuitambua haki ya kimila, na historia ya mwaka 1941 imekwisha kuonyesha kwamba wananchi wakipewa msitu pamoja na mapato yake huutunza. Fedha za wafadhili zingefanya kazi kubwa zaidi kama zingetumika kuandikisha haki za mifereji hiyo, mmoja mmoja, kwa majina ya wenyewe, na kuwalipia mawakili na wapima ardhi, kazi ambayo hufanywa mara moja na faida yake hudumu. Kazi ya kuzibua iachiwe wenye mfereji.

Msomaji akipata nafasi, apande siku moja mpaka penye banio mwanzoni mwa masika, baada ya mafuriko ya kwanza. Kama mfereji bado una wenyewe, atawakuta pale, wamevua viatu, wakibeba mawe na vigogo vya migomba, mzee amesimama ukingoni akionyesha kwa fimbo. Hakuna atakayekuwa ameandika jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio. Lakini jioni kila mmoja ataweza kutaja nani alikuja na nani hakuja, na zamu za maji za mwaka huo zitagawanywa kwa hesabu hiyo.